Mjadala: Wazamiaji wa majongoo bahari wapewe vitamini kabla ya kushuka?

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu nimeisikia zaidi ya mara moja pwani: tajiri wa boti awanunulie wazamiaji vitamini C na E, kwamba zinazuia ule ugonjwa wa kupooza unaowapata wanaopanda haraka kutoka chini. Mimi napinga kuziita kinga.

Mita 30 chini, mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu ya maji. Hewa ya kompresa inayopita kwenye mpira ni naitrojeni kwa karibu asilimia 79, nayo huyeyuka kwenye damu na mafuta ya mwili. Kadiri unavyokaa ndivyo inavyojaa. Ukipanda mbio inatoka kama soda iliyofunguliwa, mapovu yakaingia kwenye viungo na uti wa mgongo. Ndipo unamkuta kijana mzima miguu haisikii na mkojo hautoki.

Hoja ya vitamini haikuzuka tu. Mwaka 2007 watafiti wa Split, Kroatia, waliwapa wazamiaji gramu 2 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E kabla ya kushuka mita 30. Mishipa yao ya damu ilitanuka vizuri zaidi baada ya kuzama kuliko bila vitamini. Mapovu kwenye damu hayakupungua. Antioksidanti, yaani vitu kama vitamini hizi, zinatunza ukuta wa mshipa, naitrojeni haziigusi.

*Jibu:*
Kaka, mapovu peke yake hayaamui. Wapo wanaotoka na mapovu mengi wasiumwe, kwa hiyo hali ya mshipa ina uzito wake. Ubelgiji nako walijaribu gramu 30 za chokoleti nyeusi kabla ya mita 33, mishipa ikasalimika. Vidonge ni rahisi kuliko chemba ya oksijeni ya kumtibu aliyepooza. Tumnyime mtu kwa nini?

*Mwanzisha mada:*
La mapovu umesema kweli, nalikubali. Ila wale walizama mara moja, kina na dakika zimepangwa. Tena kilichopimwa ni mishipa, hakikupimwa nani kapooza na nani kapona. Vijana wetu wanashuka na kupanda siku nzima, wengi hawana hata saa ya kuonyesha kina. Kupanda kwa vituo kulikopangwa na mwanasayansi Haldane kule Uingereza mwaka 1908 ndiko kunakoipa naitrojeni muda wa kutoka kwa pumzi. Hofu yangu ni tajiri: akishagawa vidonge ataona deni lake limekwisha, na kijana naye ataongeza safari moja akijua kalindwa. Anayetaka kumeza ameze, lakini pesa ya boti ianze na saa ya kina na mtungi wa oksijeni safi wa huduma ya kwanza.

*Jibu:*
Mimi ni mke wa mzamiaji. Mume wangu alipoanza kuumwa bega na kufa ganzi mguu, wenzake walimrudisha chini na mpira uleule ili maumivu yatulie. Yakatulia kidogo, alipotoka yakazidi. Oksijeni botini haikuwemo, na hospitali tulifika kesho yake mchana. Hadi leo anatembelea fimbo. Sasa nawauliza nyote wawili: huo mtungi, ukinunuliwa, nani atakagua kwamba umo botini kabla haijang'oa nanga?