Wild Shape mmeikata makali, Polymorph mmeiacha: mwizi wa kuku kafungwa, wa ng'ombe anatamba

Wakuu, povu ruksa leo, ila njooni na hesabu mkononi.

Kila ikiguswa mada ya wahusika wanaobadilika umbo kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete), anatokea mtu na kauli yake: "druidi alishasawazishwa 2024, fungeni uzi." Druidi ni mchawi wa maumbile, Wild Shape ndiyo uwezo wake wa kugeuka mnyama, na 2024 kanuni ziliandikwa upya. Kasawazishwa nini? Turudi kwanza kwenye kanuni za 2014 tuone ugonjwa ulikuwa wapi.

Druidi wa Mwezi (tawi la druidi waliobobea kubadilika umbo), leveli ya 2, anageuka dubu wa kahawia: damu (pointi za uhai) 34, kinga (namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate) 11, anauma na kuparura ndani ya zamu moja. Anageuka kwa tendo la ziada, kwa hiyo zamu hiyohiyo anashambulia. Na anageuka mara mbili kabla hajahitaji hata mapumziko mafupi. Jumlisheni: damu yake 17 akiwa na Constitution (uimara wa mwili) 14, weka 34, weka 34 tena. Ni 85. Mpiganaji wa leveli hiyo mwenye Constitution 16 ana 22, na Second Wind, uwezo wake wa kujiponya, inamrudishia kete ya pande 10 jumlisha 2. Huyo ndiye tunamwita ngao ya kundi! Meno na makucha ya dubu vikiingia vyote ni wastani wa 19.5, upanga mkubwa wa mpiganaji mwenye Strength 16 ni 10.

Wengi wanalaumu makucha. Makucha hayana kosa. Kosa ni kwamba umbo linakuja na mfuko wake wa damu, ukipasuka unarudi na damu yako kama ulivyoiacha. Ndiyo, madhara yanayozidi yanakufuata (dubu mwenye damu 3 akipigwa 15, wewe unakula 12), na meza nyingi husahau kanuni hiyo. Hata ukiikumbuka, 68 za bure umeshazitumia.

Kichekesho ni kwamba bingwa huyuhuyu akifika leveli ya 5 yuko hoi. Kiwango cha ugumu cha mnyama anayeruhusiwa kumgeukia kimeganda kwenye 1 mpaka leveli ya 6, ndipo kinakuwa leveli gawanya kwa 3. Dubu yuleyule, +5 ileile ya kulenga, wakati mpiganaji sasa anapiga mara mbili kwa zamu. Na kinga 11 inatobolewa na kila anayepita. Leveli ya 10 anafufuka kwa elementali (kiumbe cha moto, maji, hewa au ardhi), ile ya ardhi ina damu 126. Leveli ya 20 Wild Shape haina kikomo tena: mamothi mpya wa damu 126 kila zamu, utamuua saa ngapi? Mlima, bonde, mlima. Sababu ni moja: namba zinatoka kwenye ukurasa wa mnyama, na wanyama wale hawakuandikwa wapande leveli pamoja na mchezaji. Waliandikwa wauawe.

Haya, 2024. Mfuko wa pili ukaondolewa: unabaki na damu yako, unapewa damu ya muda (ya juu ya damu yako, inayotangulia kuisha) sawa na leveli yako ya druidi. Wa Mwezi anapata mara tatu, na kinga 13 jumlisha Wisdom (bonasi ya busara). Kwa wa Mwezi sina neno, leveli ya 3 ni damu 9 na kinga kama 16, hiyo ni haki. Ila druidi wa kawaida leveli ya 8 anapewa damu 8. Nane! Kofi moja hilo.

Sasa Polymorph, uchawi wa daraja la 4, unapatikana leveli ya 7. Kwa 2014 unamgeuza mwenzako sokwe jitu mwenye damu 157, wakati mpiganaji wetu leveli hiyo ana 67. Kwa 2024 wamebadili jina tu: damu ya mnyama inaingia kama damu ya muda, YOTE. Kwa hiyo druidi wa Mwezi, ambaye kazi yake nzima ni kubadilika, anapata 21, na bardi (mwimbaji mchawi) anamwaga mfuko mzima kwa nafasi moja ya uchawi. Nani alipitisha hili?

Najua mtasema "umakini", yaani uchawi unaweza kukatika aliyeroga akipigwa na kete ikamwangusha. Umakini ni wa aliyeroga, na aliyeroga kajificha nyuma ya ukuta. Sokwe akipigwa, yeye hatupi kete yoyote. Au mtasema "akili inashuka hadi ya sokwe." Mpiganaji alikuwa anaroga nini hapo kabla?

Dawa zipo tangu zamani. Toleo la 3.5 la mchezo huuhuu lilikuwa baya zaidi: umbo likifuta Strength na Dexterity zako, unaziacha chini tangu mwanzo, kisha Natural Spell inakuruhusu kuroga ukiwa dubu. Pathfinder ya 2019, mchezo mshindani, ikamaliza ujinga huo: umbo la mnyama linakupa kinga 16 jumlisha leveli yako, damu ya muda kidogo (inaanzia 5), na kuroga marufuku.

Kwa meza ya D&D, fanyeni hivi: kulenga kuwe Wisdom jumlisha bonasi ya ustadi (inayokua na leveli), kete za madhara zibaki za mnyama. Druidi wa kawaida apewe damu ya muda mara mbili ya leveli. Polymorph isimpe mtu damu ya muda kupita kiwango chake cha juu cha damu. Mpiganaji akiwa sokwe anapata 67, bado ni nyingi.

NYONGEZA: Wanaosema "mwendesha mchezo aongeze maadui", adui mwenye uwezo wa kumaliza damu 85 anamlaza mpiganaji wa 22 kwa zamu mbili. Utamwambia huyo mchezaji mwingine akae aangalie?