UConn ya Hasheem Thabeet: vijana waliotoka pale wanafanyaje NBA sasa hivi?

Mjomba_wa_Senta:
Wakuu habari zenu. Mi basketi nilianza kuifuatilia kwa sababu ya Hasheem, yaani 2009 nilikesha mpaka alfajiri ya tarehe 26 Juni saa za kwetu nikisubiri drafti, ile siku timu za NBA zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, Blake Griffin katajwa wa kwanza na Clippers, halafu David Stern anasimama anasema Memphis Grizzlies wamemchukua Hasheem Thabeet wa chuo kikuu cha Connecticut (UConn), namba 2 dunia nzima, mtoto wa Dar! Nililia siku ile sifichi. Baada ya hapo NBA ikamshinda na mi nikapoteza hamu nikaacha kabisa kuangalia.

Sasa nasikia kuna dogo anaitwa Stephon Castle kapata tuzo ya mchezaji bora chipukizi NBA 2025 na katokea chuo kilekile cha UConn, nikashtuka, kumbe chuo bado kinatoa watu? Naomba mnijuze hawa waliotoka UConn wanaendeleaje huko juu, nani anacheza nani kaishia benchi, na kwa nini Hasheem ilimshinda wakati chuoni alikuwa moto vile. Siulizi kwa kujifurahisha tu, nina mpwa wangu ana miaka 16 na urefu wake ni mita 2.04 na bado anarefuka, watu wamemjaza mama yake maneno eti ampeleke Marekani haraka, dada yangu ananipigia kila siku ananiuliza mimi.

Huskies_Damu:
Mkuu karibu tena, umepotea miaka ambayo UConn wamefanya mambo makubwa mno. Wakati wa Hasheem walikuwa na ubingwa wa 1999 na 2004. Baada yake wamebeba ubingwa wa vyuo 2011, 2014, 2023 na 2024, jumla 6, na hiyo miwili ya mwisho wamebeba mfululizo chini ya kocha Dan Hurley.

Kikosi cha 2024 ndo kimepeleka watu wanne kwa mpigo. Castle kachaguliwa namba 4 na San Antonio Spurs baada ya kucheza chuo mwaka mmoja tu, msimu wake wa kwanza akapiga wastani wa pointi 14.7 na asisti 4.1, na kwenye kura za chipukizi bora alipata kura 92 za nafasi ya kwanza kati ya 100. Nakwambia ukweli mitupo yake ya pointi tatu msimu huo ilikuwa mibaya, asilimia 28 hivi, ila anakaba kwa hasira na hamwogopi mtu, halafu mwaka wake wa kwanza alikuwa timu moja na Chris Paul, gadi mkongwe wa kujifunzia kazi mazoezini kila siku, hiyo bahati si ya kila mtu.

Donovan Clingan, senta wa mita 2.18, namba 7 Portland. Alianza nyuma ya Deandre Ayton lakini akaingia kikosi cha pili cha chipukizi bora, na sasa Ayton kaondoka kwenda Lakers kwa hiyo nafasi ni yake. Cam Spencer namba 53, karibu na mwisho kabisa wa drafti, Memphis wamemshika kwa sababu anatupa na anapasi kwa akili. Halafu Tristen Newton, huyu ndo ananiuma, mchezaji bora wa mashindano ya ubingwa wa vyuo 2024, kaenda namba 49 na baada ya hapo akawa anahangaika na mikataba ya kupanda na kushuka kati ya timu kubwa na timu ya G League, ligi ndogo ya NBA.

Wa 2023 je, Jordan Hawkins namba 14 New Orleans alipata dakika, Andre Jackson namba 36 alienda Milwaukee kuna kipindi walimwanzisha kabisa kwa ajili ya ukabaji. Adama Sanogo wa Mali yeye alikuwa mchezaji bora wa mashindano 2023 na hakuna timu iliyomchagua HATA MOJA, Chicago ndo walimpa ule mkataba wa kupanda na kushuka. Na James Bouknight wa 2021, namba 11 Charlotte, hata miaka mitatu hakumaliza wakamwacha.

KikapuUpanga:
Umemjibu vizuri ila la Hasheem umelikwepa ndugu, acha nilichukue mimi manake linaniuma mpaka leo.

Watu mtaani wanasema Hasheem alikuwa mvivu au alibahatisha. Jamani msimu wake wa mwisho UConn alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi, akagawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, na DeJuan Blair wa Pittsburgh, timu ikafika nne bora. Hiyo siyo bahati. Dogo katoka Makongo, kashika mpira akiwa na miaka kama 15, miaka saba baadaye anachaguliwa kabla ya James Harden (3) na Stephen Curry (7). Nani mwingine kwetu kafanya hivyo? Hakuna mpaka leo.

Tatizo lilianza palepale Memphis. Marc Gasol yupo, na kiangazi kilekile wakamleta Zach Randolph, sasa huyu dogo atacheza saa ngapi? Alipewa dakika 13 hivi kwa mechi, Februari 2010 wakamshusha D-League (ndo G League ya sasa), wakati ule hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kama yeye akashushwa. Mwaka mmoja baadaye akapelekwa Houston kwenye dili la Shane Battier, kisha Portland, kisha Oklahoma City mpaka 2014. Mtu anajifunza mpira ukubwani halafu kila akianza kuzoea kocha anahamishwa. Mi naamini kabisa angetua kwenye timu inayojenga ikamvumilia miaka minne tungekuwa tunaongea mengine leo.

Mzee_wa_Skrini:
KikapuUpanga nakubaliana na wewe nusu. Hilo la kuanza mpira ukubwani linasemwa sana, lakini mwangalie Zach Edey. Mcanada wa mita 2.24, naye alianza basketi akiwa sekondari tayari, kabla ya hapo alikuwa anacheza hoki ya barafu na besiboli. Na timu iliyomchukua 2024 ni hiyohiyo Memphis, namba 9. Mwaka wa kwanza akaingia kikosi cha kwanza cha chipukizi bora. Kwa hiyo kuchelewa kuanza peke yake siyo jibu.

Mi nimefundisha vijana zaidi ya miaka kumi, nawaambia kilichomkuta Hasheem ni vitu viwili. Kwanza sheria. Chuoni senta anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote anasubiri wanaokuja awaondolee mipira, na yeye kwa urefu ule na mikono ile ilikuwa ni kama ukuta. NBA kuna sekunde tatu za ulinzi, beki akikaa lile eneo bila kuwa karibu na mtu anayemkaba anahesabiwa kosa, wapinzani wanapewa mtupo wa bure na mpira unabaki kwao. Maana yake inabidi utoke nje, uingie, utoke tena, mwenye mpira anaitiwa skrini, yaani mwenzake anasimama kumzuia beki wake, unajikuta wewe mrefu uko mbali na kikapu unakimbizana na gadi mwenye kasi, na muda wa kushambulia ni sekunde 24 wakati chuo kipindi kile ilikuwa 35, kwa hiyo ni kukimbia juu ya kukimbia, mechi 82 siyo zile 36 za chuo. Miguu yake haikuwa tayari kwa hiyo kazi.

Pili nguvu za chini, hapa naongelea makalio na mapaja siyo mikono. Kuna mechi ya Februari 2009 chuo cha Pittsburgh walikwenda kucheza Hartford, nyumbani kwa UConn, na UConn walikuwa namba moja nchi nzima, Blair ambaye ni mfupi kwa Hasheem kwa sentimita kama 20 alimwinua begani akambwaga chini, siku ile Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Blair alichaguliwa namba 37, huko nyuma kabisa, na Spurs wakapata kazi kwake. Edey ana zaidi ya kilo 130 na amekaa chuo miaka minne yote akijengwa, ukimsukuma hasogei, hapo ndo tofauti yao ilipo.

KikapuUpanga:
Mzee hapo kwenye sekunde tatu umenifungua, sikuwahi kulifikiria hivyo. Ila bado nasema dakika ni dakika, Edey alipofika aliwekwa uwanjani akakosea akarudishwa tena uwanjani. Hasheem akikosea anakaa. Senta hajifunzi kukaba skrini akiwa kavaa trakisuti.

Mzee_wa_Skrini:
Hilo la dakika sikupingi.

DadaRibaundi:
Mnaongea UConn aya ishirini hamjataja wanawake hata mstari mmoja? Pale Connecticut timu kubwa ni ya akina dada, makombe 12, moja wamebeba 2025 na kocha Geno Auriemma ambaye yuko pale tangu 1985.

Na kama swali ni waliotoka chuo wanafanyaje kwenye ligi ya kulipwa basi jibu zuri kuliko yote ni Paige Bueckers, namba 1 kwenye drafti ya WNBA, ligi ya wanawake, 2025, Dallas Wings, timu yenyewe ilikuwa inafungwa tu lakini yeye kuna mechi na Los Angeles Sparks kapiga pointi 44, akachukua chipukizi bora. Kwa hiyo mwaka mmoja chuo kimoja kimetoa chipukizi bora wa NBA na wa WNBA, Castle na Paige. Breanna Stewart na Napheesa Collier nao wa palepale, wamefika hatua ya kuanzisha ligi yao wenyewe inaitwa Unrivaled ili wachezaji wasilazimike kwenda Urusi au Uturuki kutafuta hela wakati wa mapumziko. Mjomba kama huyo mpwa wako ana dada zake warefu usiwaache nyuma, nakuomba sana, mimi nilikuwa mrefu darasani na hakuna aliyenipa mpira, walinipa netiboli nikaambiwa hiyo ndo ya wasichana.

Mjomba_wa_Senta:
Asanteni sana aisee nimesoma yote mara mbili. DadaRibaundi umenigusa, mdogo wake wa kike ana miaka 13 na kashanipita mimi, nimekusikia.

Sasa Mzee_wa_Skrini nikuulize kwa kuwa umefundisha. Huyu kijana kwa sasa anacheza hapa Dar, timu ya shule, anabloku kila kitu, wenzake hawamfikii hata wakiruka. Kuna mtu kamwambia mama yake anaweza kumtafutia shule Marekani ila familia itoe hela kwanza ya "kufungua faili". Nifanye nini?

Mzee_wa_Skrini:
Hiyo hela msitoe. Kocha au shule inayomtaka kijana kweli itaomba kuona mechi zake nzima kwenye video na matokeo yake ya darasani, haitaomba hela ya faili. Na suala la darasa usilipuuze, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wanaangalia masomo ya sekondari yote miaka minne, kijana anaweza kuwa na urefu wa mnara akakwama kwa sababu ya vyeti. Hasheem mwenyewe alipita sekondari Marekani kwanza, akamalizia Houston, ndo akaingia UConn.

Kwenye uwanja, kama anabloku kila kitu kwa sababu wenzake wafupi basi hajifunzi kitu. Mtafutie mechi na watu wazima, hata kama watamsukuma na kumwangusha, waombe wamruhusu afanye nao mazoezi. Mfundisheni kukaba mbali na kikapu, magoti yamekunjwa, miguu inateleza haipishani. Kamba ya kuruka kila siku, hiyo haina gharama. Na mitupo ya bure, mia kwa siku, senta anayetupa vizuri hata akikosa kasi timu itamvumilia.

Huskies_Damu:
Naongezea hapo hapo, mwonyeshe mechi za Clingan, siyo dunki zake, mwonyeshe anavyorudi nyuma wakati wa skrini, anabaki kati ya mwenye mpira na yule senta anayekimbilia kikapu, haruki mpaka mtupo utoke mkononi. Mechi ya fainali 2024 na Purdue, chuo cha Edey, Edey alipata pointi 37 lakini UConn wakashinda 75 kwa 60 kwa sababu walimwachia Clingan amkabe Edey karibu peke yake na wale wengine wakabaki na watupaji wa nje wa Purdue. Aiangalie yote na akae na wewe umsimamishie video.

Mjomba_wa_Senta:
Jumamosi anakuja kwangu. Hiyo fainali nimeshaitafuta nimeipata nzima, na dada nimempigia sasa hivi nimemwambia ile hela asitume. Kanyamaza kidogo halafu kaniuliza kamba ya kuruka ya mtu wa mita mbili inauzwa wapi.

KikapuUpanga:
Mwambie anunue kamba ya kawaida ya dukani ile ya mita, akate mita tatu na nusu afunge fundo pande zote mbili. Sisi wote Upanga tulirukia hiyo. Na akija Jumamosi mlete uwanjani jioni, saa kumi na moja tunakuwepo, kuna masenta wazee wawili watatu watamsukuma vizuri tu. Na yule wa miaka 13 aje naye.