Mimba ya pili baada ya kuzaa kwa mateso: nijifungulie wapi hapa Dodoma?

MamaK_Nzuguni

Habari zenu wapendwa, naomba mnisaidie mawazo, hasa nyie mliozalia hapa Dom.

Nna mimba ya wiki 31, mtoto wa pili. Wa kwanza nilimzaa hospitali moja sitaitaja mana sitaki malumbano, nataka msaada. Nilifika na uchungu usiku, mume wangu akaambiwa abaki nje kwenye benchi, mi nikaingia leba peke yangu. Mtoto alitoka mzima Mungu ashukuriwe, kondo la nyuma ndo likagoma. Nesi akavuta likagoma, akaja mwingine akaingiza mkono hadi ndani bila kuniambia anataka kufanya nini wala ganzi hakuna, nikapiga kelele nikachapwa kibao cha paja nikaambiwa "wakati unaitafuta mbona hukulia". Damu nilikuwa naisikia inadondokea kwenye ndoo chini ya kitanda. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka nazinduka nna dripu na chupa ya damu inaning'inia. Mume wangu yeye alijua kuna shida pale walipotoka kuuliza ndugu wa fulani ni nani aje atoe damu, kabla ya hapo hakuna aliyemwambia neno.

Sasa hivi silali. Nikisikia harufu ya dawa ile ya kudekia hospitali moyo unaenda mbio. Na kila mtu ana lake: mume anataka hospitali ya kulipia au St. Gemma kule Miyuji, mama mkwe anasema niende kwake Mpwapwa nikalelewe vizuri, dada yangu anasema Mkapa, wengine wanasema General, yani hospitali ya rufaa ya mkoa, ndo kuna madaktari wengi. Mi mwenyewe roho inataka kituo cha afya hiki cha jirani ninapoenda kliniki mana manesi wake wananiita kwa jina na hawanifokei. Nisaidieni jamani, mlichagua vipi?

MamaWatatu_Ilazo

Pole sana mdogo wangu, nimesoma machozi yananilenga. Kwanza ujue ulivyofanyiwa sio sawa, hata kama walikuwa wanakuokoa maisha bado walitakiwa wakwambie na wakuchome ganzi, usije ukakaa unajiona ulikuwa mdekaji.

Kuhusu wapi, mi nakushauri acha kuuliza hospitali ipi nzuri, mana kila moja utapata wa kuisifia na wa kuilaani, inategemea siku aliyoenda na zamu aliyoikuta. Nenda mwenyewe ukaone. Mimba ya mwisho mi niliamka nikaenda kwa nesi mkuu wa wodi ya wazazi nikamwambia mama, shikamoo, mi niliumia uzazi uliopita naogopa, naomba nione leba kabla. Akanipeleka. Nikaona vitanda vina mapazia, nikaona choo, nikamuuliza ndugu yangu anaruhusiwa kukaa na mimi, akasema akiwa mwanamke na wodi haijajaa ndio. Yani kule kuona tu mlango na kitanda kulinipunguzia hofu nusu, mana siku ya siku sikuwa naingia mahali nisipopajua.

Na uende mchana, ila maswali yako yawe ya usiku. Saa nane za usiku daktari yupo jengoni au anapigiwa simu nyumbani? Chumba cha upasuaji kinafunguliwa? Damu ipo au mpaka ndugu waitwe? Wakianza kung'ata maneno ujue jibu ni hapana.

Mkunga_KandaYaKati

Mama K pole mpendwa. Mi ni mkunga, nipo kazini mkoa huu huu, naomba nikuambie wazi na usiogope mana mpango ukiwepo hali kama yako inadhibitika vizuri kabisa.

Aliyewahi kutokwa damu nyingi au kubakiwa na kondo ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kurudiwa. Haimaanishi itarudi, wengi wanazaa vizuri tu, ila inamaanisha usizalie sehemu ambayo haina upasuaji na damu masaa 24. Hicho kituo cha jirani endelea nacho kwa kliniki, hao manesi wanaokuita kwa jina ni hazina, lakini waulize moja kwa moja kama wana chumba cha upasuaji na benki ya damu. Kama hawana, leba nenda hospitali. Kutoka damu baada ya kuzaa hakukupi muda wa kusubiri gari, mama anaweza kuisha ndani ya masaa mawili. Mpwapwa kwa mama mkwe nenda baada ya kujifungua ukalelewe, ila usisafiri na tumbo la mwishoni kuzifuata hospitali mbali wakati upo mjini na hospitali ya rufaa ya mkoa ipo, St. Gemma ipo, na Mkapa ambayo ni rufaa ya kanda ipo.

Sasa mambo ya kufanya wiki hii. Nenda pale ulipozalia, au mtume mumeo kama huwezi kukanyaga, waombe muhtasari wa faili lako: damu ilitoka kiasi gani, uliongezewa chupa ngapi, kondo lilitolewaje, ulisafishwa kizazi au la. Kwenye kadi ya kliniki hakikisha imeandikwa kwa kalamu inayoonekana KONDO LILIBAKI, ALITOKWA DAMU NYINGI, mana nesi wa zamu atakayekupokea hakujui na wewe ukiwa na uchungu hutaweza kusimulia. Kama ulisafishwa kizazi, omba utrasaundi ya kuangalia kondo limekaa wapi safari hii. Pima wingi wa damu sasa hivi, chini ya 11 tunahesabu una upungufu, na mwenye upungufu akitokwa hata damu kidogo anazidiwa haraka. Pima na grupu.

Siku yenyewe ukifika leba mwambie anayekupokea neno la kwanza kabisa. Atakuwekea njia ya mshipani mapema, na mtoto akitoka tu unachomwa sindano ya kukaza kizazi, ile ya yuniti 10 pajani. Kondo likipita nusu saa halijatoka daktari anaitwa, na likihitaji kutolewa kwa mkono una haki ya kuambiwa na kupewa dawa ya maumivu. Kuna na dawa ya kusaidia damu igande, hiyo inatakiwa ndani ya masaa 3 tangu uzae, ndo maana nasisitiza sehemu yenye kila kitu.

Na uliza hiki: damu wanaipimaje? Zamani tulikuwa tunakadiria kwa macho na macho yanadanganya. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, wakawa wanamwekea mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo chini ya makalio, na damu ikizidi tu wanampa tiba zote kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe ndo waende nyingine. Kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Wodi inayoweza kukujibu swali hilo bila kigugumizi ni wodi inayolifikiria.

Zabibu_Tamu

Mi ningekuwa wewe ningeomba kisu tu. Unapangiwa tarehe, unachomwa ganzi, husikii chochote, kondo wanalitoa wenyewe hapo hapo. Kwa nini uteseke mara mbili?

Mkunga_KandaYaKati

@Zabibu_Tamu nakuelewa na wengi wanasema hivyo, ila kisu nacho kinamwaga damu, kwa kawaida nyingi kuliko kuzaa njia ya kawaida, na kovu linaloachwa kwenye kizazi linaongeza hatari ya kondo kujishika pabaya mimba zinazofuata. Kwa aliyebakiwa na kondo peke yake hiyo sio sababu ya kumpasua. Lakini kama hofu ya leba imemzidi kiasi cha kutolala, alizungumze na daktari bingwa uso kwa uso, ni mazungumzo halali kabisa na asikubali kucheleweshwa mpaka wiki ya 39.

BabaJunior

Naongea na mume wa Mama K. Kaka, kazi yako ianze sasa. Mke wangu alitokwa damu mtoto wa pili na mimi ndo nilikuwa nje kwenye benchi, najua ile hali. Tafuta watu watatu wanne wenye afya, wajue kabisa kwamba wiki hizo wasizime simu, tena wakatoe damu mapema wasisubiri dharura. Ongea na dereva wa bajaji au mwenye gari mtaani anayeamka usiku, mpe na namba ya jirani yake. Namba ya 115 ya m-mama iweke kwenye simu zote za nyumbani, ni bure kupiga, ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na waliojifungua na watoto wachanga. Kwa sera hospitali za serikali mjamzito halipii ila usiende mikono mitupu, begi liwe na mpira wa kutandika, glavu, pamba, vibana kitovu, kanga za kutosha na hela ya akiba, isije ikawa mkeo anavuja wewe unazunguka kutafuta duka la dawa.

Na ukifika pale jitambulishe kwa nesi, mwambie mi ndo mume, nipo hapa, chochote kikitokea naomba niambiwe. Ukisema kwa heshima wanakusikiliza.

Binti_Kikuyu

Mama K, wote wameongelea damu, mi niongelee hiyo ya kutolala na moyo kwenda mbio ukisikia harufu. Dada hiyo sio uoga wa kawaida, na mi imenipata. Baada ya uzazi wangu nilikuwa napita mbali kabisa na ile hospitali, daladala ikipita barabara ile nageuza uso. Mtoto akilia usiku naona kama niko tena pale kitandani. Nyumbani wakasema ni mapepo, nikaombewa, nikanyamaza nikaendelea kuumia.

Aliyenisaidia ni nesi wa kliniki aliyenishika mkono akanipeleka kwa mshauri wa afya ya akili. Na najua hapa Dodoma ukitaja Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili, watu wanafikiria vichaa, mi mwenyewe nilikataa mara ya kwanza nikasema mkwe akisikia ndoa imekwisha. Lakini kuna kliniki ya nje, unaingia unaongea unarudi nyumbani kwako kupika. Walinisimulisha kilichotokea polepole mpaka nikaweza kukitaja bila kutetemeka, wakanifundisha kupumua, wakamwita na mume wangu akasikia mambo ambayo sikuwahi kumwambia. Hata hospitali kubwa za hapa muulize daktari wako, watakuelekeza. Anza sasa, usisubiri uzae, mana hofu hiyo ukiingia nayo leba unabana mwili mzima na uchungu unakuwa mara mbili.

Kingine, chagua nani ataingia na wewe. Mi alikuwa mama mdogo, mtu mtulivu, asiyeogopa watu wenye sare. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapendekeza mama awe na mtu wake wakati wa uchungu, kwa hiyo ukiomba hujaomba upendeleo.

MamaK_Nzuguni

Jamani asanteni sana, nimemsomea mume wangu yote na Baba Junior amekuelewa, kashaongea na shemeji zangu wawili na dereva wa bajaji wa hapa Nanenane.

Nimeuliza kituo cha jirani, wamenijibu ukweli kwamba damu hawana, ikitokea shida wananipa rufaa. Kwa hiyo hapo pameshajifuta, kliniki nitaendelea nao. Mume alienda kufuatilia faili langu, limepatikana, limeandikwa niliongezewa chupa mbili na kizazi hakikusafishwa. Nimelia nilipoisoma lakini nimefurahi kuona kwamba haikuwa mawazo yangu. Tumeshaibandika nakala kwenye kadi.

Nimeamua hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa sababu kutoka hapa nafika haraka kwa bajaji hata usiku. Alhamisi naenda kumuona nesi mkuu kama Mama Watatu alivyosema, naenda na mama yangu mzazi anayetoka Kondoa, ndo atakayeingia na mimi wakiruhusu. Wasiporuhusu kabisa nitaenda kuuliza St. Gemma. Binti Kikuyu nitakutafuta pembeni, nataka unielekeze siku za ile kliniki.

Swali moja limebaki, wingi wa damu nimeambiwa 10.1. Vidonge vyekundu vya kuongeza damu nakunywa ila vinanichafua tumbo, huwa naviruka. Nifanyeje?

Mkunga_KandaYaKati

Hongera kwa kufuatilia faili, wengi hawathubutu.

10.1 tuna wiki za kutosha kuipandisha, usiviruke tena. Kunywa usiku baada ya kula kama tumbo linachafuka, choo kuwa cheusi ni kawaida. Chai usinywee pamoja, hata ya rangi, iache saa moja kabla na saa moja baada, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vinywee na maji ya ubuyu, huku kwetu hatuukosi na una vitamini C inayosaidia madini yaingie, au chungwa. Maini, dagaa, maharage, mboga za majani kila siku. Waambie kliniki kwamba vinakusumbua, wanaweza kukubadilishia aina, na upime tena baada ya wiki nne. Ikigoma kupanda rudi mapema, kuna dawa ya madini ya chuma ya kuwekewa kwa dripu hospitalini. Ukiona damu yoyote ukeni kabla ya siku yako, hata kidogo na hata kama haiumi, usisubiri kliniki, nenda moja kwa moja.