Bonde la Siang, Arunachal: nina siku 12, nizunguke kote au nikae kijiji kimoja?

Mzaramo_wa_Pune
Wakuu habari za humu. Mimi nipo Pune nasoma, mwaka wa tatu huu, India ya treni na kubanana nimeshaizoea. Desemba chuo kinafunga na safari hii nimejibana nina vijisenti, nataka kwenda Arunachal Pradesh, kule kaskazini mashariki kabisa juu ya Assam, kwenye bonde la mto Siang. Ni ule mto unaotokea Tibet ukiitwa Yarlung Tsangpo, ukivuka mpaka unaitwa Siang, ukifika Assam ukishakutana na wenzake ndo unakuwa Brahmaputra. Wenyeji wa huko ni Waadi, na nasikia bado wana nyumba za mianzi, madaraja ya kuning'inia na dini yao ya jua na mwezi.

Sasa mwanafunzi mwenzangu kanichorea ratiba: Pasighat, Yingkiong, Tuting, kurudi, kisha Mechuka, kisha Ziro kwa kabila jingine la Waapatani, yote siku 12. Nikiiangalia naona nitakuwa nimeona dirisha la gari tu. Kuna aliyefika huko? Kibali mgeni anapataje? Na la mwisho msinicheke, mimi ni Muislamu, pombe situmii na kitimoto ndo kabisa, nitakula nini?

Mzururaji
Hiyo ratiba ichane. Ziro ni bonde jingine kabisa na Mechuka vilevile, huyo aliyekuchorea kaangalia ramani akadhani milima ni karatasi. Sisi Pasighat hadi Yingkiong tuliondoka alfajiri na Sumo, hizo jipu za kuchangia ambazo huko ndo daladala zao, tukafika mchana tumeshakunjwa kama shati, na hapo hakukuwa na maporomoko njiani. Halafu kitu ambacho hakuna aliyeniambia: India nzima inafuata majira yaleyale ya saa, na wewe utakuwa mashariki kabisa, kwa hiyo Desemba saa kumi na nusu jioni jua limezama. Kwa hiyo siku yako ya kutembea ni fupi kuliko unavyodhani, lakini usiku ni mrefu na mambo yote mazuri yanatokea usiku kwenye moto.

Nilivyofanya mimi: ndege hadi Dibrugarh, gari hadi Pasighat kupitia daraja la Bogibeel (kilomita 4.94, lilifunguliwa Desemba 2018, zamani watu walikuwa wanavuka na pantoni), nikalala Pasighat usiku mmoja tu, kisha nikaingia bonde la Yamne. Huo Yamne ni mto mdogo unaoingia Siang, uko upande wa Damro. Nikakaa kijiji kimoja siku tisa. Tisa. Wenzangu waliniona chizi.

Siku mbili za kwanza ni kweli unaboreka. Netiweki inakuja na kuondoka, unaletewa chai, unakaa, watoto wanakutazama, unawatazama. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi sikujua kama Waadi nao wameisikia, maana siku ya tatu asubuhi bibi mwenye nyumba alinitupia kikapu. Kile kikapu hakivaliwi mabegani, kina mkanda wa mwanzi unaupitisha utosini, mzigo wote unabebwa na shingo. Tukaenda kuni. Kwenda lazima uvuke daraja la kuning'inia, waya wa chuma pembeni na chini wamepanga mianzi iliyopasuliwa, mingine imeoza mingine haipo, na katikati linacheza juu chini halafu kushoto kulia kwa wakati mmoja. Mimi natambaa nimeshika waya mikono miwili, bibi nyuma yangu anasubiri kwa heshima zote, mwisho uvumilivu ukamwisha akanipita. Kanipita hapohapo darajani! Wakati wa kurudi ana mzigo wa kuni kichwani, anatafuna kitu, hata hashiki waya.

Kuanzia siku ile nikawa na jina, na watu wakaanza kunisemesha. Ungekuja na gari ukalala usiku mmoja hupati hiyo.

Kuhusu kibali: mgeni asiye Mhindi anahitaji kibali cha maeneo yaliyolindwa, Wahindi wenyewe wana cha kwao tofauti. Chako kinaombwa kupitia wakala wa utalii aliyesajiliwa, na kawaida wanataka muwe wawili au zaidi. Toa fotokopi nyingi, kila geti wanabaki na moja. Na tahadhari, mimi wakala wa kwanza alikula advansi yangu akazima simu, kwa hiyo usitume hela yote kabla hujaona namba ya kibali.

AbuuTanga
Mzaramo usihofu, nilienda mwaka juzi nikarudi mzima na dini yangu. Ila nikwambie ukweli usije kushtuka. Katikati ya nyumba kuna jiko la kuni, juu yake wananing'iniza machano ya mianzi ghorofa mbili tatu, hapo wanakaushia nyama, pilipili, mbegu, kila kitu, na masizi ya miaka yameifanya mianzi iwe nyeusi inang'aa kama imepigwa vanishi. Sehemu ya hiyo nyama ni nguruwe. Na vyoo vya jadi viko juu ya banda la nguruwe, sitaki kueleza zaidi, nyumba nyingi zinazopokea wageni zina choo cha kawaida siku hizi, uliza mapema.

Chakula changu kilikuwa wali, majani ya kuchemsha, samaki wa mtoni, mayai, na pilipili zao ndogo zile zinazokutoa machozi mpaka unasamehe watu. Mafuta hawatumii sana. Machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa yananuka lakini ukishazoea utayatafuta. Kuku nilichinja mwenyewe, niliomba wakanielewa mara moja, wao wenyewe mnyama hachinjwi hivihivi, kuna maneno yanasemwa.

Pombe yao ni apong, na nyeusi inatengenezwa kwa wali uliochanganywa na makapi ya mpunga yaliyochomwa, wanaichuja kwenye majani. Mgeni lazima apewe. Mimi nilisema siku ya kwanza kabisa, kabla kikombe hakijamiminwa, kwamba dini yangu hairuhusu, wakacheka kidogo, basi, nikawa mtu wa chai ya rangi. Ukisubiri mpaka umeshakishika ndo inakuwa dharau. Kihindi chako cha Pune kitakufaa, huko kila mtu anakiongea kwa namna yao.

Dada_wa_Arusha
Mimi nina swali gumu kidogo, samahanini. Nimefanya kazi kwenye utalii miaka mingi na hili neno "kabila la asili" linanichosha. Hapa kwetu tuna zile boma za barabarani, basi linasimama, vijana wanaruka dakika kumi, shanga zinauzwa kwa dola, basi linaondoka, halafu mtalii anaenda kusema ameijua jamii ya Wamasai. Je huko kwa Waadi si ndo yaleyale tu yakiwa na baridi? Na hiyo kukaa siku tisa inabadilisha nini kama bado wewe ndo unayetazama?

Mzururaji
@Dada_wa_Arusha swali la haki. Kwanza hao si watu wa makumbusho, vijana wana simu kuliko yangu, wanacheza mpira kila jioni, kuna wakristo wengi na kuna wa Donyi-Polo, yaani hiyo imani ya jua na mwezi ambayo tangu miaka ya 80 wameipanga upya ina nyumba za ibada na nyimbo zilizoandikwa. Mzee wa kijiji ana koti jekundu, na kijiji kinaamua kesi zake kwenye baraza lao linaitwa kebang. Ukikosa kosa kubwa unaweza kutozwa mithun, huyo ni ng'ombe wao wa milimani, anazurura msituni mwenyewe lakini kila mmoja ana mwenyewe anayejulikana. Mahari pia mithun. Nilipowaambia na kwetu ng'ombe zinahesabiwa kwenye mahari tulikaa hapo masaa mawili, wanataka kujua ngapi, nani anapokea, ukiachana zinarudi?

Kuhusu ngoma, usimwombe mtu akuchezee. Ponung wanaicheza kwenye Solung mwezi wa tisa, wanawake kwenye duara wameshikana mikono, anayeongoza anaimba historia usiku kucha akitikisa upanga wenye vibati. Desemba haipo, na ukiona kaletewa mtalii Desemba ujue ndo boma ya barabarani hiyo.

Ila kilichonibadilisha mimi ni kitu kingine. Kijana wa ile nyumba alisoma Delhi. Usiku mmoja akaniuliza, nyie Waafrika hapa India ukitafuta chumba wanakuulizaje? Nikamwambia, wanauliza nakula nini, naleta nani, halafu chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe yeye Mhindi mwenye pasi ya India Delhi walikuwa wanamuuliza yeye ni Mchina au Mnepali, na mwenye nyumba alimfukuza kwa sababu ya harufu ya mianzi iliyochachuka. Tulikaa pale kwenye moto tunahesabiana wenye nyumba. Sasa niambie nani hapo alikuwa anamtazama nani.

Mzee_wa_Ramani
Mnaongelea siku tisa kama ni nyingi. Someni habari za Kinthup, mtu wa Sikkim. Miaka ya 1880 watu wa ramani wa Waingereza hawakuwa na uhakika kama Tsangpo ya Tibet ndo hii inayotokea Assam, wakamtuma yeye na lama mmoja, yaani mtawa wa Kibudha. Lama akamuuza utumwani akatokomea. Kinthup akatoroka, akajificha kwenye monasteri, na bado akaendelea na kazi aliyotumwa: alikata magogo 500 akayawekea alama, akayatupa mtoni 50 kwa siku, ili walioko chini wayaone yakipita. Alirudi baada ya miaka minne. Aliyekuwa ayasubiri magogo alishaondoka India, barua haikumkuta, magogo yalipita hakuna aliyetazama. Mpaka 1913 ndo maofisa wawili Waingereza, Bailey na Morshead, walipita huko wakakuta aliyoyaeleza kwa kumbukumbu tu, maana hakujua kuandika, mengi yalikuwa sawa. Hiyo ndo safari ya polepole.

Fundi_Mitambo
Naongeza moja, mkifika huko mtaikuta kwenye kila kikao cha chai. China ilianza rasmi kujenga bwawa kubwa upande wa juu, Medog, Julai 2025, inatajwa megawati 60,000. India nayo inataka kujenga la kwake hapohapo Siang, megawati 11,000. Kwa kulinganisha, la kwetu la Mwalimu Nyerere pale Rufiji ni 2,115. Serikali ya India inasema ni kinga, China wakifungulia maji ghafla. Wanakijiji wengi wa Kiadi wamelikataa, Mei 2025 waliandamana baada ya askari kuletwa kulinda wapimaji, maana mashamba yao ya mpunga na vijiji vyenyewe ndo vitakuwa chini ya maji. Wao mto wanauita Ane Siang, Mama Siang. Na hofu ya maji si ya kubuni, Aprili 2000 mlima ulioporomoka upande wa Tibet uliziba mto mmoja unaoingia Tsangpo, Juni kizuizi kikapasuka, mafuriko yakabeba madaraja hadi huku chini.

Mimi ni mtu wa umeme, kwa asili ningetetea bwawa. Lakini mkienda sikilizeni tu, msiende kuwafundisha.

Mzaramo_wa_Pune
Aisee asanteni. Basi nimeamua, Tuting, Mechuka na Ziro nimefuta, nabaki Yamne. Shida mbili. Moja, kibali wanataka wawili na mimi niko peke yangu. Mbili, mtu ukikaa kwa watu siku zote hizo unapeleka zawadi gani? Sitaki kutoa hela mkononi kama natoa sadaka.

AbuuTanga
Hela ya malazi lipa tu, usione aibu, ni kazi yao, kubalianeni mapema. Zawadi ni kitu kingine. Sukari na majani ya chai ni salama siku zote.

Binti_Bengaluru
Mimi niko Bengaluru, uuguzi, likizo yangu inaanza tarehe 14. Nimesoma uzi wote kimya kimya. Kama kaka uko serious njoo inboksi tuongelee kibali, ila nyumba tofauti na mimi ndo nakaa mbele kwenye Sumo, natapika.

Mzururaji
Hahaha kikosi kimepatikana. Zawadi pelekeni kanga. Wanawake wa kule wanasuka wenyewe, sketi yao inaitwa gale, kitambaa wanakijua, wataishika wataigeuza watatafuta uzi. LAKINI someni maandishi yake kwanza. Mimi niliagiza dada aniletee kanga yoyote kutoka Kariakoo, nikampa yule bibi mbele ya watu, akaona maandishi akauliza yanasemaje. Naangalia: HUNILISHI HUNIVISHI WANIBABAISHA KWA LIPI. Kijana anasubiri nimwambie kwa Kihindi ili atafsiri kwa Kiadi. Nikafikiria kudanganya, nikashindwa. Ilipomfikia bibi akacheka akapiga paja, akaifunga juu ya gale yake, akatoka nayo moja kwa moja kwenda nyumba ya pili kwa wifi yake.