Mjadala: Utafiti wa historia yetu, nani alipe?

Daftari_Bovu (mleta mada): Wakuu, nasoma uzamili wa historia, andiko langu ni vita ya Maji Maji ya 1905 dhidi ya Mjerumani, upande wa Umatumbi. Nauli, mafuta ya bodaboda na posho ya mkalimani, vyote mfukoni mwangu. Juzi mzee mmoja nilimpelekea sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Kaanza kusimulia asubuhi, saa sita simu ikazima. Sola iko dukani tu, mwenye duka kaenda msibani! Kuna mfuko wa Ulaya uko tayari kunisaidia, ila wanataka niandike "kumbukumbu na maridhiano". Mimi nataka kuandika pamba, maana vurugu zilianzia kwenye kung'oa pamba. Serikali itugharamie au tuendelee kuombaomba?

Kipanga: Yaani kodi yangu ikaulizie mababu walioamini maji yanageuza risasi? Zahanati hazina dawa.

Bi_Hidaya: 1968 Chuo Kikuu cha Dar kiliwapeleka wanafunzi vijijini kuwahoji wazee walioiona vita kwa macho. Wazee hao hakuna aliyebaki. Bila zile karatasi tungebaki na ripoti za Mjerumani.

Nkosi_Peramiho: Kipanga chunga mdomo. Nduna Songea, jemadari wetu Wangoni, alinyongwa na Mjerumani Februari 1906. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa njaa baada ya Mjerumani kuchoma mashamba na maghala. Unachekea njaa?

Kipanga: Nyie Wangoni si mlivuka Zambezi 1835 mkitokea kusini huko? Utafiti wenu wawalipie Wazulu.

Nkosi_Peramiho: Mhehe huyo, kajitaja. 1905 mlisimama upande gani?

Kipanga: Sisi zamu yetu ya kumpiga Mjerumani tulishamaliza Lugalo, 1891. Muulize kamanda wao Zelewski kama alirudi kwao. Fuvu la chifu wetu Mkwawa limeandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1918. La nani wenu limeandikwa?

Ticha_Mstaafu: 1919 mwanangu, ibara ya 246. Na lilirudi 1954. Gavana Twining alilichagua mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi.

Kipanga: "Alilichagua" ndiyo nini, mwalimu?

Ticha_Mstaafu: Aliangalia vipimo vya vichwa vya ndugu zake waliokuwa hai, akatafuta linalofanana. Wapo wanaotilia shaka hadi leo.

Kipanga: Mwalimu nakuheshimu lakini hapo umekosea. Lililoko makumbusho ya Kalenga ni lenyewe.

Nkosi_Peramiho: Hahaha! Miaka yote mnaheshimu fuvu la jirani.

Daftari_Bovu: Jamani, nauli...

Kipanga: Subiri wewe. Lipimwe vinasaba, watu wafunge midomo.

Bi_Hidaya: Kwa hela ya nani, baba?

Kipanga: Ya serikali! Hili ni suala la taifa.

Bi_Hidaya: Na zahanati?

Kipanga: Usinikate maneno yangu vipande vipande.

Nkosi_Peramiho: Basi na kichwa cha Songea, kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani, kitafutwe kwa hela hiyohiyo. Rais wa Ujerumani alikuja Songea 2023 akaomba msamaha, akaahidi watakitafuta. Kiko wapi?

Kipanga: Hicho nishasema. Wazulu.