Nilipie mafunzo ya ulinzi au niende mgambo kwanza?

Kijana wa Kizuiani:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 24, kidato cha nne nimemaliza (matokeo msiniulize), naishi Mbagala. Nimechoka kugombania vibarua vya kushusha mizigo Kariakoo. Nataka kazi ya ulinzi, na nisiishie getini, siku moja niwe supavaiza. Kuna jamaa Rangi Tatu anafundisha wiki mbili kwa 180,000, anasema ukimaliza kuna kampuni inakuchukua moja kwa moja. Mjomba anang'ang'ania mgambo. Mafunzo ya mgambo ni miezi karibu minne, nitakula nini?

Mzee wa Doria:
Wiki mbili hata kwata haijakaa mwilini. Mwambie aandike kwenye karatasi kwamba kazi ipo, uone.

Mama Lindo:
Mdogo wangu, nina mwaka wa tisa kwenye malindo, sasa nipo Mikocheni. Msikilize mjomba. Kampuni nyingi wakikuita usaili, cha kwanza wanauliza cheti cha mgambo au JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), halafu kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Sisi mgamboni tulikuwa tunalala nyumbani: mazoezi alfajiri, mchana nauza maji ya kandoro. Nilikonda, lakini nilimaliza.

Ila cheti hakikufikishi usupavaiza. Jifunze kuandika kitabu cha matukio. Mwaka wangu wa pili lori lilitoka ghalani saa nane usiku, dereva akadai tajiri anajua. Nikaandika saa, namba ya gari, jina alilonipa na turubai lilivyofungwa, nikampigia supavaiza. Asubuhi mzigo umepungua. Mwenzangu wa geti la nyuma aliandika "usiku shwari". Yeye ndiye aliyelala mahabusu siku mbili.

Halafu kirungu kisikupe kichwa. Wewe si polisi. Ukimkamata mwizi, mkabidhi kituoni bila kuchelewa. Ukimvunja mguu, kesi inageuka yako.

Fundi Makubaliano:
Mama kamaliza kwenye kazi, mimi niseme la mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kazi ya usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Malindo mengi ni saa 12. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza saa za ziada zinalipwaje, na baadaye kagua kama michango yako ya NSSF, ule mfuko wa pensheni, inaingia kweli. Mimi nilikatwa miezi saba, kwenda kuangalia, hakuna kitu.

Mzee wa Doria:
Na wakikukata hela ya sare kwenye mshahara wa kwanza, omba risiti. Watanuna, omba tu.

Kijana wa Kizuiani:
Mrejesho. Leo nimemfuata yule jamaa, nikamwomba aniandikie jina la kampuni. Kafoka, eti kama simwamini niache nafasi kwa wenye nia. Nimerudi na 180,000 yangu mfukoni, kesho naenda ofisi ya kata kuulizia mgambo. Mama Lindo, buti nitapata wapi za bei nafuu?

Mama Lindo:
Karume, mtumba, nenda asubuhi mapema wakifungua balo. Chukua iliyozidi namba moja, utavaa soksi mbili.