Mjadala: Daktari wa meno aliyesomeshwa kwa mkopo wa umma, alazimishwe kuitumikia Pemba?

MTOA MADA

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za Unguja na Pemba hukaa kikao cha kumtafutia njia mtoto aliyefaulu fizikia, kemia na bayolojia. Wazee husema udaktari, na wanakusudia tiba ya jumla. Meno hutajwa mwisho, kana kwamba ni fungu la waliokosa nafasi. Wakati huohuo inazidi kusikika hoja kwamba yeyote anayesomea fani za afya kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar alazimishwe kufanya kazi miaka kadhaa katika hospitali za wilaya, hasa Pemba, kabla ya kwenda kwengine. Naamini kijana wa hapa afikirie meno kwa uzito, na naamini pia kwamba sharti hilo litakuwa la haki pale tu litakapoifunga Serikali kama linavyomfunga yeye.

Haja ipo, na ni kubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wanaishi na maradhi ya kinywa, na kwamba baina ya 2014 na 2019 kanda ya Afrika ilikuwa na madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani takriban sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Sensa ya 2022 iliwahesabu Wapemba 543,441. Kwa kiwango hicho duni, kisiwa kizima kingepata madaktari wa meno 18 tu. Tusidhani kuwa kazi yenyewe ni kung'oa basi. Tambuu inayotafunwa vibarazani ina popoo, ambayo wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na mara nyingi mtu wa kwanza kuona doa jeupe ndani ya shavu, kabla mgonjwa hajahisi maumivu, ni yule anayemtazama meno.

Basi kwa nini nisiunge mkono sharti hilo moja kwa moja? Kwa sababu ya namna kazi hii inavyofanyika. Daktari wa tiba ya jumla akipelekwa kituo chenye upungufu bado ana masikio, mikono na elimu ya kumpima mgonjwa na kumwandikia dawa. Daktari wa meno anahitaji kiti kinacholala, taa, maji yanayotiririka, kompresa ya kusukuma hewa inayozungusha mashine ya kuchongea jino, eksirei ya kuonesha mizizi, na chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke ili asihamishe homa ya ini kutoka kinywa kimoja kwenda chengine. Kompresa ikiharibika na fundi asipatikane, kinachobaki ni ganzi na koleo. Kijana aliyesoma miaka mitano ya shahada, kwa mfano pale Muhimbili ambako Wazanzibari wamekuwa wakivuka bahari kwenda kuisomea, na akaongeza mwaka mmoja wa mafunzo kazini, atang'oa meno ambayo yangezibika, na ujuzi wake wa kutibu mizizi utakufa kwa kukosa mazoezi. Muda wa mkataba utakapomalizika, umma utakuwa umempoteza hata akibaki hapohapo Pemba. Mwanafunzi wa skuli anayeyaona hayo ataikimbia fani yenyewe, wala sitamlaumu.

MCHANGIAJI, MZAZI, WETE

Mwanangu, nimekusoma kwa makini na mengi umesema kweli, lakini umeanza na kiti ukamweka mtu nyuma. Mimi nakwambia hakuna ofisa atakayeagiza kiti cha meno kwa chumba kisicho na daktari, kwani kitaingia vumbi na yeye ataulizwa. Mtu akishafika, akaandika barua leo na kesho, akamfuata mkuu wa hospitali na wazee wa mji wakamsaidia kusema, vifaa huja. Tukisubiri vifaa vitangulie, tutasubiri hadi wajukuu.

Fedha zinazosomesha ni za umma, na ndani yake mna jasho la mkulima wa karafuu wa Mtambwe. Yeye jino likimtunga usaha akaambiwa matibabu yako Unguja, hulipa nauli ya boti kwenda na kurudi, hutafuta pa kulala mjini na huacha shamba wakati wa uchumaji, huku shavu limefura. Kijana aliyesomeshwa na mtu huyu kisha akafungua kliniki yake mjini moja kwa moja, nani atamwambia kuwa ametenda haki? Miaka miwili au mitatu si kifungo.

MCHANGIAJI, TABIBU WA MENO, UNGUJA

Ndugu wote wawili mnamzungumzia daktari wa shahada peke yake, na wanaosoma hapa watadhani hakuna mlango mwengine. Mimi ni tabibu wa meno wa stashahada, masomo ya miaka mitatu, na kwa wagonjwa wengi wa vituo vyetu mtu wa kada yangu ndiye wanayekutana naye kwanza. Kijana asiyekuwa na uhakika kama ataiweza kazi ya kuinama juu ya vinywa vya watu kutwa nzima, namshauri aanzie hapa. Akiipenda ataomba shahada akiwa tayari anajua kushika vifaa, na asipoipenda hatakuwa amebeba deni la miaka mitano.

Kuhusu kompresa, naomba niongeze jambo. Ipo njia ya kuziba jino bila umeme, ambayo ilianzishwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: unakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha unajaza saruji ya glasi-ionoma inayoshikamana na jino na kutoa madini ya floraidi. Tundu dogo la juu ya gego huzibika vizuri kwa njia hii, na mtoto wa skuli haogopi kwa sababu hakuna mashine inayovuma. Kwa hiyo chumba kisicho na kompresa si lazima kiwe chumba cha koleo.

MTOA MADA

Mzee wangu wa Wete, shikamoo. Nakubali kuwa mtu aliyepo ndiye anayevidai vifaa, lakini barua za kijana mgeni kazini zina nguvu ndogo kama hana pa kuzisimamishia. Ndiyo maana nataka vifaa viandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa majina na kwa tarehe: kiti, kompresa, chombo cha mvuke, dawa za kuzibia na fundi wa matengenezo. Ikipita miezi sita tangu aripoti na chumba hakijakamilika, sharti limwachie, au ahamishiwe hospitali nyengine ya Pemba ambayo imekamilika. Sekta ya afya si ya Muungano. Baraza la Wawakilishi linaweza kulitungia sheria jambo hili bila kumsubiri mtu.

Ndugu tabibu, saruji hiyo ingefaa iwe ya kwanza katika orodha, kwani haina gharama ya kututisha. Haitoshi kwa jino ambalo uozo umeshafika kwenye mshipa na usaha umekaa chini ya mzizi. Huyo ndiye yule mkulima wa Mtambwe mwenye shavu lililofura, na bado atahitaji eksirei na mtu aliyesomea kuitumia.

Sasa naomba kuwasikia wanaosoma udaktari wa meno hivi leo, na hata walio kidato cha sita wanaosita kuichagua fani hii: mkataba wa miaka mitatu Pemba, wenye vifaa vilivyoandikwa kwa tarehe, mngeutia saini?